Paa la Mita 15, Kinga ya Chumba cha Ofisi

Jumamosi usiku, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliwaka moto. Jengo hilo, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilikuwa limesimama tangu miaka ya 1970, na paa lake la zege lilikuwa alama ya jiji kwa kila aliyepita Kariakoo. Wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kufunga na kwenda makwao. Kulipokucha, mitaji ya miaka mingi ilikuwa majivu, na serikali ikalazimika kutenga mabilioni ya shilingi na kusubiri miaka kadhaa kabla soko halijarudi katika hali yake.

Miaka minane kabla ya hapo, Agosti 7, 2013, moto uliozuka alfajiri uliteketeza sehemu ya abiria wanaowasili kutoka nje katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini safari za kimataifa zilisimama na eneo zima la Afrika Mashariki likaona taabu yake. Januari 27 mwaka huohuo, Jumapili asubuhi, Soko Kuu la Bujumbura liliungua, na uchumi wa Burundi ukayumba pamoja nalo.

Vyanzo vya mioto hiyo havifanani, wala haifai kuitia yote katika kapu moja. Hata hivyo, iko hali moja inayojirudia. Yalikuwa majengo makubwa ya umma, yenye nafasi pana chini ya paa moja, na moto ulishika saa ambazo macho ya watu yalikuwa machache. Katika jengo la namna hiyo, muda kati ya cheche ya kwanza na mtu wa kwanza kujua ndio unaoamua kama kitakachoungua ni meza moja au ni soko zima.

Afrika Mashariki inajenga majengo ya aina hii kwa kasi kuliko wakati wowote. Jengo la tatu la abiria katika Uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019. Stesheni za reli ya kisasa zimeinuka kati ya Mombasa na Nairobi, kisha kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Pembezoni mwa miji yanajengwa maghala ambayo lori huingia na kugeuza ndani. Makanisa yanajenga kumbi za maelfu ya waumini, misikiti inainua kuba, na halmashauri zinabomoa mabanda ya zamani ili kuweka masoko ya kisasa. Swali linalopaswa kuulizwa kwenye kila mchoro wa jengo kama hilo ni jepesi: moshi ukianza sakafuni usiku wa manane, nani atauona, na baada ya dakika ngapi?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini. Ni kifaa kizuri mahali pake. Ndani yake mna chumba kidogo chenye giza na taa ndogo, na moshi ukiingia humo hutawanya mwanga, kifaa kikapiga king'ora. Lakini sharti ni hilo: moshi uingie. Katika chumba cha ofisi chenye dari ya mita tatu, moshi wa kikapu cha taka hufika juu ungali mzito. Katika ghala la mita 15 mambo ni tofauti kabisa. Moshi unapopanda huvuta hewa safi kutoka pande zote, hutanuka, hupoa na kuwa mwepesi. Kwa hesabu za kawaida za wahandisi wa moto, kati ya mita tatu na mita 15 hewa iliyochanganyika na moshi wa moto uleule huongezeka zaidi ya mara kumi. Kinachofika kwenye kisahani, kama kinafika, ni ukungu hafifu usiotosha kukiamsha. Ndiyo maana kanuni za Uingereza, ambazo wahandisi wengi wa ukanda huu huzifuata, huweka ukomo wa mita 10.5 hivi kwa vigunduzi vya aina hiyo.

Kuna kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya urefu huo, nacho ni kigunduzi moshi cha mwale. Namna kinavyofanya kazi inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa ndani ya nyumba ya bati lenye tundu la msumari. Mwale wa jua hupenya na kukatiza chumba, na ghafla vumbi ambalo halikuonekana popote linaonekana likielea ndani ya mwanga. Kigunduzi hiki hutuma mwale wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kutoka ukuta mmoja wa ukumbi hadi wa pili, chini kidogo ya paa. Upande wa pili kuna kipokezi kinachopima mwanga uliofika. Hewa ikiwa safi, kipimo hakibadiliki. Moshi ukikatiza njia, sehemu ya mwanga hunywewa na sehemu hutawanyika, na kinachofika hupungua. Upungufu ukivuka kiwango kilichowekwa, tuseme asilimia 35, na ukadumu kwa sekunde kadhaa, kengele inalia.

Ubora wake umo katika kujumlisha. Kisahani cha darini kinaonja hewa ya mahali kilipo tu. Mwale unahesabu chembe zote za moshi zilizoko njiani, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ukumbi. Moshi uliopanda mita 15 na kutanuka kwa upana wa mita kumi umekuwa mwepesi, ni kweli, lakini mwale hupita mita zote kumi ndani yake, na kila mita inapunguza mwanga kidogo. Kule kutanuka kunakokishinda kifaa cha ofisini, huku kunamsaidia mlinzi huyu wa angani.

Hesabu ya idadi nayo inashawishi. Chukua ghala lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60. Visahani vya kawaida, kila kimoja kikilinda mita za mraba 100 hivi, vingehitajika 60, hata kama urefu wa paa ungeviruhusu. Mwale mmoja unaweza kufika mita 100, na kwa kanuni hizohizo za Uingereza hulinda mita 7.5 kila upande wake. Miale minne inatosha ghala zima. Vifaa vyenyewe hufungwa ukutani, si katikati ya kenchi. Ipo pia aina ambayo mtumaji na mpokeaji wamo katika kasha moja, na ukuta wa mbele unabandikwa kiakisi cha prizma cha sentimita kumi kwa kumi, kinachorudisha mwale ulikotoka. Kwa masafa marefu zaidi, viakisi vinne hupangwa pamoja. Nyaya za umeme zinavutwa upande mmoja tu, na fundi anayekuja kufanya matengenezo hahitaji kusimamisha jukwaa katikati ya ukumbi wenye bidhaa.

Hapo ndipo penye fedha, na wamiliki wengi hawapaoni siku ya kununua. Bei ya kigunduzi cha mwale ni kubwa kuliko ya kisahani kimoja, na mkandarasi anayetaka kushinda zabuni kwa bei ya chini atashawishika kuweka visahani vichache na kuandika kwenye ripoti kuwa jengo lina mfumo wa kutambua moshi. Gharama halisi huja baadaye. Kila kisahani kilichoko juu ya mita 12 lazima kifikiwe, kisafishwe na kujaribiwa. Kinachohitaji jukwaa la kukodi kila mara hakijaribiwi, na kisichojaribiwa hakuna anayejua kama ni kizima.

Pamoja na hayo, kigunduzi cha mwale si cha kununua dukani na kubandika. Katika ukanda huu lipo jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia haraka, ilhali kwetu linastahili kuwa la kwanza: bati. Jua la saa saba mchana likilipiga paa la bati la ghala la Mbagala au Mombasa, chini ya bati hutanda tabaka la hewa ya moto sana. Moto unaoanza kidogokidogo ndani ya robota za mitumba, pamba au katani hutoa moshi usio na joto kubwa. Unapanda, unapoa, kisha unafika mahali hewa ya juu ina joto kuliko wenyewe. Hapo unasimama. Unatanda kama dari ya pili, mita kadhaa chini ya paa, na mwale uliofungwa karibu na bati unaendelea kuangalia hewa safi. Usiku bati limepoa, moshi uleule ungefika juu bila kizuizi. Jengo ni moja, ila mchana na usiku moshi hausafiri sawasawa.

Dawa yake inajulikana. Mbali na miale ya juu, hufungwa miale mingine katikati ya kimo cha jengo, au mwale hupitishwa kwa mshazari ili ukatize tabaka zaidi ya moja. Lakini hilo lazima lifikiriwe na mhandisi anayelijua paa la bati na jua la pwani. Mchoro ulionakiliwa kutoka ghala la Ulaya lenye paa lililowekewa vizuia joto hautoshi hapa.

Jambo la pili ni kutikisika kwa jengo. Jengo la chuma hutanuka kwa joto, hunywea usiku, na huyumba kidogo upepo ukivuma. Mtumaji akigeuka nusu digrii tu, mwale wake ukifika mita 100 mbele utakuwa umehama karibu sentimita 87. Kwa sababu hiyo vifaa hufungwa kwenye nguzo au ukuta imara, si kwenye bati wala kwenye mbao nyepesi, na vya kisasa vina mota ndogo zinazouelekeza mwale upya wenyewe. Tatu ni vumbi. Lenzi ikichafuka polepole, kifaa kizuri hutambua kwamba upungufu umekuja kwa wiki na miezi, hukirekebisha kipimo chake, na mwishowe hudai kusafishwa. Moshi haupunguzi mwanga kwa mwendo huo, na kifaa kinajua tofauti.

Nne ni watu. Mwale ukizibwa ghafla na kabisa, kifaa hakitangazi moto. Kinatoa ishara ya hitilafu, kwa sababu moshi huja kwa kuongezeka na hauzibi njia yote mara moja. Ni uamuzi wa busara, ila una bei yake. Kanisa likitundika vitambaa vya harusi hadi kwenye kenchi, meneja wa ghala akipandisha mzigo hadi juu ya rafu ya mwisho, au mfanyabiashara akining'iniza bango la matangazo, mwale unakatika na sehemu hiyo ya jengo inabaki bila mlinzi. Taa ya njano inawaka kwenye paneli, na mtu asiyefundishwa anabonyeza kitufe cha kunyamazisha mlio. Kwa hiyo mstari wa mwale unapaswa kuchorwa kwenye ramani ya jengo na kuheshimiwa, vilevile mlango wa dharura unavyoheshimiwa.

Yapo pia majengo ambayo kifaa hiki hakiyafai. Soko lisilo na kuta, ambamo upepo hupita upande hadi upande, litapoteza moshi kabla haujakusanyika. Karakana ya kuchomelea vyuma itakuwa na moshi siku nzima. Huko zinahitajika njia nyingine: vifaa vya kutambua mwali wa moto, kamera zilizofundishwa kutambua moshi, au mabomba membamba yanayonyonya hewa na kuipima. Hoja hapa si kuuza kifaa kimoja. Hoja ni kwamba kinga ichaguliwe kulingana na jengo, na jengo refu halilindwi kwa kinga ya chumba kifupi.

Wapo watakaosema kwamba zege na chuma haviungui. Chicago ilisikia maneno hayo. Ukumbi wa maonyesho wa McCormick Place ulifunguliwa mwaka 1960, jengo kubwa la zege na chuma lililoaminiwa kuwa salama. Usiku wa Januari 16, 1967, vibanda vilikuwa vimejengwa tayari kwa maonyesho ya vyombo vya nyumbani. Wahudumu wa usafi ndio waliouona moto, wakajaribu kuuzima wenyewe. Zimamoto walipofika, baadhi ya mabomba ya maji ya nje hayakuwa yakifanya kazi. Paa liliporomoka, na mlinzi mmoja akafa. Zege halikuwaka, lakini vibanda, mazulia na plastiki viliwaka, na chuma kisichokingwa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kikifika nyuzi joto 550 hadi 600.

Moto nao haukui kwa mstari ulionyooka. Katika vipimo vinavyotumiwa na wahandisi, moto wa daraja la kasi hufikia nguvu ya megawati moja baada ya sekunde 150. Ukipewa sekunde 300, haufiki megawati mbili, unafika nne. Mtungi mmoja wa kuzimia moto mikononi mwa mlinzi unaweza kuumaliza moto wa dakika ya kwanza. Moto wa dakika ya tano unahitaji gari la zimamoto, na gari hilo bado limo kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere au Mombasa Road.

Hata hivyo, kifaa kikiona na binadamu asielewe, hasara ni ileile. Kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris lilikuwa na mfumo wa hali ya juu wa kutambua moshi kwa kunyonya hewa. Aprili 15, 2019, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, mfumo ulifanya kazi yake na kutoa tahadhari. Ujumbe kwenye paneli ulitaja eneo pamoja na mfuatano wa herufi na tarakimu ambao haukusomeka kwa urahisi. Mlinzi alitumwa kukagua paa la jengo dogo la pembeni, la sakristia, akakuta hakuna kitu. Ilipogundulika kuwa moto uko kwenye kenchi za mwaloni juu ya kanisa lenyewe, nusu saa hivi ilikuwa imepotea. Utaratibu uliowekwa ulitaka mlinzi aone kwanza kwa macho ndipo zimamoto waitwe. Kabla ya saa mbili usiku mnara wa katikati ulikuwa umeanguka. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka mitano ya kazi.

Funzo la Paris linaigusa kila stesheni na kila soko jipya la Afrika Mashariki. Paneli ya kengele iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mlinzi wa zamu ya usiku: "Ukumbi wa mashariki, juu ya mlango namba 4." Pembeni yake ibandikwe ramani. Mlinzi mgeni asikabidhiwe zamu kabla hajatembezwa kila eneo linalotajwa na paneli hiyo. Na simu ya zimamoto, 114 kwa Tanzania, ipigwe papo hapo kengele ya pili ikithibitisha ya kwanza, bila kumsubiri meneja aamshwe nyumbani kwake.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayolipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, na zipo kanuni za ukaguzi na vyeti. Kenya ina kanuni zake za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi, za mwaka 2007 pia. Kinachodaiwa sasa ni makali ya maswali. Mkaguzi akiingia ukumbi wa mita 15, asitosheke kuhesabu mitungi na kuandika kwamba vigunduzi vipo. Aulize vimefungwa kimo gani, na kama aina hiyo inaruhusiwa kwa kimo hicho. Aulize tabaka la joto chini ya bati limezingatiwa vipi kwenye mchoro. Adai daftari la majaribio, lenye tarehe na saini, na mkataba wa matengenezo usiokwisha siku mkandarasi anapolipwa.

Halmashauri na mashirika ya umma yana nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wateja. Waandike sharti hili kwenye zabuni kabla msanifu hajachora kenchi ya kwanza. Gharama ya kuacha nafasi ya mwale kwenye mchoro ni ndogo. Gharama ya kurudi miaka miwili baadaye, ukumbi ukiwa umejaa wapangaji, kutoboa kuta na kuvuta nyaya, ni kubwa, na aghalabu kazi hiyo haifanyiki kabisa. Kampuni za bima nazo zinaweza kusaidia kwa kumpunguzia ada mmiliki anayeonyesha mfumo unaofaa na unaojaribiwa, badala ya kutoza ghala lililolindwa sawa na lisilolindwa.

Njia ya kulipima jengo siku ya kukabidhiwa ipo, na haihitaji kuwasha hata kijiti cha kiberiti. Vigunduzi vya mwale hujaribiwa kwa vichujio, vipande vya plastiki vyenye alama za viwango, ambavyo fundi huvishika mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga kwa asilimia inayojulikana. Mkaguzi wa zimamoto, mwakilishi wa mmiliki na mlinzi wa zamu wasimame pamoja chini ya mwale wa kwanza. Fundi aweke kichujio, saa ianze kuhesabu. Kengele ilie, mlinzi asome paneli kwa sauti, aende mwenyewe hadi mahali palipotajwa, na simu ipigwe. Kisha warudie kwa mwale wa pili, wa tatu na wa nne. Muda wa kila jaribio uandikwe kwenye daftari, na mahali ambapo mlinzi amepotea njia au kengele imechelewa, jengo lisipewe cheti hadi kasoro irekebishwe na jaribio lirudiwe.